Walezi wa Wanakondoo

Waswahili husema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Methali hiyo humsifu mtu anayeyapokea mauti bila makelele, na aliyeitunga alimjua kondoo vizuri. Mbuzi akiumwa hulia mpaka jirani asikie. Kondoo hujikaza. Huendelea kufuata kundi akiwa na homa, huinamisha kichwa kwenye majani ingawa hatafuni kitu, na siku anapoanguka huwa amebakiza saa chache za kuishi. Uungwana huo unamgharimu mfugaji, kwa sababu mnyama anayeficha maradhi hatibiwi mpaka apatikane mtu wa kuyaona angali anayaficha. Nataka kuwasifu watu wenye macho hayo: walezi wa wanakondoo katika nyanda za Wamaasai, toka Longido na Monduli upande wa Tanzania hadi Kajiado na Narok upande wa Kenya.

Wengi wao ni akina mama na watoto, na hakuna anayewaita mafundi. Mzee wa boma atakutajia ng'ombe wake mmoja mmoja, rangi, pembe na ukoo. Ukimuuliza habari za wanakondoo atamwita mkewe. Katika mazungumzo ng'ombe ndiye mali. Katika maisha ya kila siku kondoo ndiye anayepelekwa mnadani Bissil au Meserani unga unapokwisha, muhula wa shule unapofunguliwa, au mgonjwa anapotakiwa hospitali kesho asubuhi. Mwanamke akijifungua huchinjiwa kondoo, na mafuta yake huyeyushwa ili mzazi anywe apate nguvu. Mnyama anayebeba mizigo hiyo yote hulelewa mikononi mwa watu ambao mikutano ya mifugo huwasahau, na sioni haki katika jambo hilo.

Kazi yao huonekana wazi zaidi jioni. Wanakondoo wachanga hawafuatani na mama zao kwenda malishoni mchana. Hushinda jirani na boma wakitazamwa na watoto, na usiku hulala ndani ya nyumba, kwenye kizizi kidogo kiitwacho olale, ambako fisi, mbweha na baridi ya alfajiri haviwafikii. Jua likielekea kuzama kundi kubwa hurudi, na kilio huanza pande mbili, mama wakiita na watoto wakiitika. Mgeni husikia vurugu tu. Yeyo, kama mama anavyoitwa huko, husimama katikati ya vurugu hiyo akitazama viwele.

Kiwele kilichojaa mno wakati mtoto yu hai ni habari mbaya. Maana yake mwanakondoo hakunyonya asubuhi, na mwanakondoo asiyenyonya anaumwa hata kama bado anasimama. Kiwele kilichonywea, huku mtoto akikisukuma kwa kichwa bila kukoma, kinasema maziwa hayatoshi na itabidi mbuzi mmoja akamuliwe kwa ajili yake. Kiwele chenye upande mmoja mgumu na wa moto kina uvimbe, na mama huyo atampiga teke mwanawe kwa maumivu hata ionekane kwamba amemkataa. Mambo hayo matatu husomwa kwa mtazamo mmoja, katika vumbi, mwanga ukipungua, miongoni mwa wanyama wengi wasiotulia. Hapo hapo kuna mengine ya kutazamwa: masikio yaliyolegea, mkia uliochafuka kwa kuhara, pumzi inayopanda kwa kasi. Mwanakondoo mzima akiinuliwa alipolala hujinyoosha mwili wote kabla ya kwenda. Mgonjwa huinuka mgongo ukiwa umejikunja na kubaki hivyo. Mtoto wa miaka minane aliyekulia bomani atakuonyesha tofauti hiyo kwa kidole. Amejifunza kwa kusimama jioni nyingi karibu na mama yake, na mimi sijui shule bora ya kufundisha kuona.

Haraka ya walezi hawa katika siku ya kwanza ina sababu ambayo sayansi ya mifugo imeithibitisha. Kondo la nyuma la kondoo haliruhusu kinga ya mama ipite kwenda kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanakondoo huzaliwa mtupu mbele ya kila kijidudu cha zizini. Kinga yake ya mwanzo imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano yanayotangulia. Utumbo wake unaweza kuipokea kinga hiyo ikiwa nzima kwa muda mfupi tu: huipokea vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo, na baada ya saa 24 hivi hauipokei tena. Mwanakondoo wa kilo 3 anahitaji takriban mililita 150 za dang'a katika mlo wake wa kwanza. Akizikosa, anaweza kuonekana mzima kwa wiki nzima, kisha akafa kwa kuhara ambako mwenzake wa zizi lile lile alikuvuka bila shida. Ndiyo maana mchungaji kijana akimkuta jike amezaa machungani hangoji jioni. Humkinga mama asikimbilie wenzake, humsubiri mtoto asimame, humwelekeza kwenye chuchu, na ndipo humfunga kwenye mkunjo wa shuka na kurudi naye.

Baridi huua hata waliozaliwa wazima. Mwanakondoo huja duniani na akiba ndogo ya mafuta ya pekee mwilini, ya kuchoma apate joto katika saa zake za mwanzo. Mvua ikimlowesha na upepo ukimpiga, akiba hiyo huisha haraka, na asiponyonya hakuna nyingine. Mlezi mwenye ujuzi hutia kidole kinywani mwake. Kinywa cha baridi kinamwonya asimnyweshe kwanza, kwa kuwa aliyepoa kiasi hicho hawezi kumeza sawasawa na maziwa yataingia mapafuni. Humkausha, humfunga kitambaa, humweka karibu na mafiga, na maziwa hungoja mpaka shingo ipate nguvu ya kuinua kichwa. Kungoja huko ndiko kugumu. Moyo wa huruma unataka kumpa kitu upesi, na huruma isiyo na subira imeua wengi.

Kisha kuna yatima, na kuna mama aliyefiwa. Kondoo humtambua mwanawe kwa harufu, na atamfukuza mtoto wa mwenzake hata kama kiwele chake kinauma kwa kujaa. Wachungaji wa vilima vya Scotland humvisha yatima ngozi ya mwanakondoo aliyekufa ili mfiwa amkubali. Kwingine hupakwa maji ya uzazi, au jike hufungwa usiku kucha pamoja na yatima mahali finyu mpaka azoee. Mbinu zinatofautiana, lakini zote zinahitaji mtu anayekumbuka, saa ile ile ya msiba, kwamba kuna kinywa kingine kinachohitaji maziwa hayo.

Pamoja na jitihada zote hizo wanakondoo hufa, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Asiye fundi huuona msiba kwa jumla: mwaka huu mbaya, wamekufa wengi. Fundi huuliza kila kifo maswali yake. Alikuwa na siku ngapi? Mama yake nani, na mwaka jana ilikuwaje? Mvua ilinyesha lini? Alikufa usiku au mchana, akiwa mnene au amekonda? Aliyekufa kabla hajasimama ana kisa ambacho mara nyingi kilianza zamani. Mimba ya kondoo ni miezi 5, na karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto huongezeka katika wiki 6 za mwisho. Mama akikosa malisho wiki hizo, mtoto huzaliwa mdogo, dang'a huwa haba, na mama mwenyewe hana nguvu ya kusimama amlambe. Anayelaumu baridi ya usiku ule amekosea mwezi.

Hivyo kumwokoa mwanakondoo wa Aprili ni kazi ya Novemba, dume linapopanda. Wafugaji wengi wa Kimaasai humfunga kondoo dume kipande cha ngozi au mpira chini ya tumbo ili asipande wakati usiofaa, na humfungua wanapoona mvua za miezi mitano ijayo kwa hesabu ya vichwa vyao. Karibu na boma hutengwa malisho ya akiba, ambayo Longido huitwa alalili, kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Hesabu yenyewe si nyepesi. Ukizalisha masika yanapoanza, mama watapata majani na maziwa yatajaa, lakini watoto watapigwa na mvua na minyoo. Ukizalisha kiangazi, zizi litakuwa kavu na safi, na viwele vitakuwa vitupu. Hakuna kitabu kinachoweza kukata shauri hilo kwa kila boma. Hukatwa kila mwaka upya na watu wanaotazama mawingu, hali ya majani na migongo ya majike yao, na nawaheshimu kwa kuthubutu.

Kuna kifo kimoja kinachochoma kuliko vyote, nacho ni kile cha mwanakondoo mnene kuliko wenzake. Jioni amecheza, asubuhi amekutwa ameanguka, miguu imekakamaa. Wapo wanaosema ni kijicho cha jirani. Mlezi anayekumbuka atakwambia kwamba mvua ilinyesha, majani mabichi yalichipuka kwa ghafla, na mama yake alikuwa na maziwa mengi. Bakteria wa Klostridia, ambao huishi tumboni mwa kondoo siku zote bila madhara, walipata chakula kingi kwa mara moja, wakazaana, na sumu yao ikamuua. Chanjo ipo. Hupigwa mama wiki chache kabla ya kuzaa ili kinga imfikie mtoto ndani ya dang'a. Wanaouza dawa za mifugo wangeitaja mara kwa mara kama wanavyotaja antibiotiki, maboma mengi yangepona majonzi.

Adui mkubwa wa masika, hata hivyo, ni mnyoo. Haemonchus contortus huishi katika tumbo la nne la kondoo na kufyonza damu. Mmoja hunywa kiasi kidogo sana, takriban mililita 0.05 kwa siku, lakini kondoo mwenye minyoo 5,000 hupoteza robo lita ya damu kila siku, na kila mnyoo jike hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye joto na unyevu, na baada ya siku chache vijinyoo hupanda juu ya majani yenye umande kumngoja mlaji. Ndiyo sababu wafugaji makini hawawatoi wanakondoo kabla umande haujakauka. Kuna ubaya zaidi: jike anapokaribia kuzaa kinga yake dhidi ya minyoo hulegea, na mayai humwagika malishoni wakati ule ule watoto wanapoanza kuonja majani.

Mnyoo huyu haleti kuhara kama wengi wanavyodhani. Humfanya kondoo kuwa mweupe. Fundi hufunua kope la chini na kutazama rangi: jekundu ni salama, la waridi ni la kuangaliwa, jeupe ni la kutibiwa leo. Wanasayansi wa Afrika Kusini waliutengenezea mtazamo huo kadi yenye rangi za ngazi 5, iitwayo FAMACHA kwa jina la Francois Malan aliyeibuni, na leo hutumika katika mabara mengi. Naipenda kadi hiyo kwa sababu inaanza na jicho la mtu na jicho la mnyama wakikabiliana. Inamfundisha mfugaji pia asiwape dawa wote kwa pamoja kila mara. Kundi zima likinyweshwa dawa ya aina moja mara kwa mara, minyoo inayobaki ni ile isiyosikia dawa, na siku moja chupa ya albendazole inakuwa maji matupu. Kenya yenyewe imekwisha kuona usugu huo.

Na wapo kondoo waliojibu swali la minyoo kwa damu yao wenyewe. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta, ameishi na mnyoo huyu vizazi vingi, na wasioweza kumstahimili walikwisha kufa zamani. Alipoletwa Dorper, kondoo mkubwa aliyezalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn na Persia mwenye kichwa cheusi, wengi walivutiwa na mwili wake, na haki yao: mnadani uzito ni pesa. Kuanzia miaka ya 1970 madume ya Dorper yalisambazwa nchini Kenya kwa ruzuku, kila boma likachanganya lilivyotaka, na kondoo mwekundu halisi akaanza kuwa adimu. Miaka ya 1990 watafiti waliwaweka wote wawili pamoja Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, mahali penye joto na unyevu ambapo minyoo hustawi. Wanakondoo wa Dorper walikuwa na mayai mengi zaidi ya minyoo katika kinyesi, damu yao ilikuwa nyepesi zaidi, na walikufa kwa wingi zaidi. Mwishoni kundi jekundu lenye miili midogo lilitoa mazao makubwa kuliko kundi la wanene. Kwenye nyanda kavu tofauti ilipungua sana, na hilo nalo lisifichwe. Mfugaji anayetaka Dorper wa mnada hajakosea. Atakayekosea ni yule atakayemwacha jike mwekundu wa mwisho aende machinjioni, kwa kuwa urithi wa aina hiyo ukishapotea hakuna duka la kuununua.

Kupe nao wana somo lao, na wazee walilijua kwa maumivu. Mwaka 1917 mtafiti Montgomery alieleza ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, unaoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Kondoo aliyezaliwa mahali penye kupe hao huumwa kidogo akiwa mchanga, akilindwa na kinga ya dang'a, na kuanzia hapo hana wasiwasi. Kondoo anayenunuliwa nchi kavu isiyo na kupe na kuswagwa hadi nyanda za juu hufa kwa kuhara damu, na mnunuzi hudhani ameuziwa mgonjwa. Kwa hiyo kabla ya kusifia bei ya mnada wa mbali, mfugaji mwenye busara huuliza mnyama amekulia wapi.

Ugonjwa ninaouogopa kuliko yote ni homa ya Bonde la Ufa, na naomba niuseme kwa kirefu kwa sababu hauishii kwa kondoo. Mwaka 1930, kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wanakondoo na mama zao walianza kufa, na ndani ya wiki chache walikuwa maelfu. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham waliuchunguza ugonjwa huo na kuueleza mwaka uliofuata. Virusi vyake huletwa na mbu. Baadhi ya mbu hao, wa jamii ya Aedes, hutaga mayai kwenye vibonde vinavyojaa maji wakati wa mvua, na mayai hayo huweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka yakisubiri mafuriko. Mafuriko yakija, kama yalivyokuja mwaka 1997 na tena mwaka 2006, mbu hutoka wakiwa na virusi tayari. Majike hutupa mimba karibu yote kwa pamoja, zile changa na zile zilizokomaa. Wanakondoo wa siku chache hufa zaidi ya 90 katika 100.

Mtu huupata kwa kugusa damu, kwa kuchuna mzoga, kwa kumsaidia jike anayetupa mimba, kwa kunywa maziwa mabichi. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 watu zaidi ya 150 walikufa nchini Kenya, na Tanzania nayo ilipoteza watu. Ukitazama orodha hiyo ya hatari utaona kwamba ndiyo orodha ya kazi za mlezi wa wanakondoo. Mikono inayookoa ndiyo inayoambukizwa. Yeyo anayeinama usiku kumvuta mwanakondoo aliyekwama hana glovu. Wengine hutumia mifuko ya plastiki ya sukari, na hata hiyo ni afadhali kuliko ngozi tupu. Mimba iliyotoka izikwe au ichomwe, mbwa wasiifikie. Maziwa yachemshwe. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiliwe, hata njaa ikibisha. Nayasema haya nikijua jinsi yalivyo mazito kwa boma ambalo limepoteza nusu ya kundi na linatakiwa litupe na nyama pia.

Jambo moja la mlipuko ule lisisahaulike. Wafugaji Wasomali wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya waliona mvua isiyo ya kawaida, wakaona makundi ya mbu, kisha mimba zikitoka na wanyama wakitokwa damu puani, wakajua ni nini. Watafiti waliokwenda kuwahoji baadaye waliandika kwamba wafugaji hao walizitambua dalili kwa usahihi kabla ugonjwa haujathibitishwa rasmi. Kati ya jicho la mfugaji na hatua ya serikali zilipita wiki za thamani. Chanjo ya siku nyingi ya ugonjwa huu, iliyotengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, inaweza yenyewe kumtoa jike mimba, na kampeni ya sindano katikati ya mlipuko huweza kueneza virusi toka mnyama hadi mnyama. Hupigwa kabla ya mafuriko, kabla ya dume kufunguliwa. Kila kitu kwa kondoo ni kabla.

Na baada je? Ukame wa miaka mitatu mfululizo hadi 2023 uliwamaliza wanyama wengi Kajiado na Longido, na watu wa huko wanajua balaa linalofuata ukame: mvua ya kwanza, iliyoombwa kwa miezi, hunyesha usiku kucha ikiwa baridi, na asubuhi kondoo waliokuwa mifupa mitupu wamelala wamekufa kwenye matope, majani yakiwa yamebakiza wiki moja yachipue. Sijui neno la kumwambia mtu anayelikuta zizi lake katika hali hiyo. Wamaasai wana utaratibu badala ya neno. Tangu zamani watu wamepeana kondoo, na waliopeana kondoo huitana paker maisha yao yote, jina hilo likichukua nafasi ya majina yao. Kondoo mmoja aliyetolewa miaka kumi iliyopita, huko ambako mvua ilinyesha vizuri, ana wajukuu. Siku mwenye msiba atakapofika kwa paker wake, hataambiwa pole peke yake. Ataondoka na jike, na pengine jike hilo lina mimba. Wengine hugawanya kundi mapema, nusu kwa shemeji wa mbali, nusu nyumbani, ili ugonjwa mmoja usilikute lote. Kuvumilia hasara huko kumepangwa mapema sawa na kupanda kwa dume, na nauhesabu mpango huo kuwa sehemu ya ufundi.

Uzito wa moyoni unabaki pale pale. Nimewasikia wanawake wakimtaja mwanakondoo aliyekufa kwa jina la mama yake na rangi yake, misimu mingi baadaye, na kueleza alivyokuwa akikimbia. Wanaoleta miradi ya mifugo hudhani huo ni udhaifu wa kupenda mno wanyama. Mimi naona ndiyo kumbukumbu ambayo mradi wowote ungeilipia fedha nyingi. Anayekumbuka kwamba watoto wote wa jike fulani hufa wakiwa na miezi miwili, na wa dada yake hupona, anajua damu ya kuendeleza na damu ya kuuza. Mkusanyo wa vifo vilivyokumbukwa ndio unaochagua kundi la kesho.

Sasa nchi zetu zinaingia katika jambo kubwa. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008 huko Ngorongoro baada ya kupita Kenya, inapigwa vita dunia nzima kwa shabaha ya kutokomezwa ifikapo 2030. Shabaha hiyo inaweza kufikiwa. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, na chanjo iliyofanya kazi hiyo Walter Plowright aliitengenezea Muguga, Kenya. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo nayo ni nzuri: sindano moja humlinda mnyama kwa miaka 3 au zaidi. Tatizo ni siku ya kuja. Mwanakondoo mchanga bado ana kinga ya mama yake, nayo huizuia chanjo isifanye kazi mpaka afikishe miezi 3 au 4 hivi. Kampeni ikifika wakati boma limejaa vichanga, kizazi kizima kitaandikwa kwamba kimechanjwa ilhali hakina kinga.

Kwa hiyo naziomba ofisi za mifugo za wilaya, toka Longido hadi Kajiado, zisipange siku ya chanjo kabla ya kuuliza maboma yanazalisha lini. Bwana mifugo akifika, mkutano usiishie kwa wazee chini ya mti. Akina yeyo waitwe, wapewe kiti, na waulizwe wanakondoo wangapi wamekufa msimu huu, wakiwa na umri gani, na mvua ilikuwaje. Waletewe glovu na wafundishwe kadi ya kope. Na yule kati yao atakayesema majike yameanza kutupa mimba aaminiwe siku hiyo hiyo, damu ichukuliwe, ipelekwe maabara, bila kungoja mwezi uishe.